CAF ni ya nani? Wanachama, kura na kwa nini Zanzibar haimo

Mei 25, 2025, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Moroko ilichezwa Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, baada ya Uwanja wa Benjamin Mkapa kuonekana haufai kwa mchezo huo. Sare ya 1-1 iliwapa Berkane kombe, maana kwao walishashinda 2-0. Ila kuna jambo ambalo kelele za siku ile zililifunika: fainali ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, ilichezwa kwenye ardhi ambayo chama chake cha soka si mwanachama kamili wa CAF. Uwanja ulipita ukaguzi, lakini wenye uwanja hawana kura.

Kioja hicho kina maelezo, na maelezo yenyewe yanafungua karibu kila swali ambalo mashabiki huulizana kuhusu CAF: nani anaamua, kwa nini nchi fulani imefungiwa, kwa nini rais amepita bila kupingwa, kwa nini Tanzania inapeleka timu nne na jirani anapeleka mbili.

Chama cha vyama

CAF ni chama ambacho wanachama wake ni vyama. Serikali hazimo, klabu hazimo, wachezaji hawamo. Mchezaji wa Simba amesajiliwa na Simba, Simba iko chini ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na TFF ndiyo yenye kiti CAF. Ukisikia mtu anasema "Tanzania ni mwanachama wa CAF", anafupisha tu. Mwanachama ni TFF. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku waziri anapoamua kuvunja uongozi wa chama, na hapo ndipo watu hushangaa kuona nchi nzima inapewa kisogo kwa sababu ya ofisi moja.

Kosa la pili la kawaida ni kudhani CAF ni tawi la FIFA barani Afrika. Sivyo. TFF ni mwanachama wa FIFA moja kwa moja, na pia ni mwanachama wa CAF moja kwa moja. FIFA ina wanachama 211, na wote ni vyama vya soka vya nchi au maeneo. Mashirikisho sita ya mabara hayamo katika hesabu hiyo. FIFA inayatambua na kuyapa kazi, lakini hayapigi kura kwenye Mkutano Mkuu wake. Wenye kura ni vyama: 55 vya Ulaya, 54 vya Afrika, 46 vya Asia, 35 vya Amerika ya Kaskazini, Kati na Karibi, 11 vya Oceania na 10 vya Amerika Kusini. Ukijumlisha unapata 211 kamili.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa jicho la mgombea urais wa FIFA, utaelewa kwa nini Afrika hutembelewa sana karibu na uchaguzi. Ulaya ina fedha, lakini kura zake zinaizidi Afrika kwa moja tu.

Jiografia nayo hupinda inapobidi. Australia iko Asia tangu 2006, kwa hiari yake, baada ya kuchoka kucheza na visiwa vya Oceania. Israel ilitolewa Asia miaka ya 1970 na sasa inacheza Ulaya. Kazakhstan ilihama kutoka Asia kwenda Ulaya mwaka 2002. Guyana na Suriname ziko Amerika Kusini kwenye ramani, lakini kwenye soka ni za Karibi. Afrika haijawahi kuhamwa hivyo, na mipaka yake kwenye soka inalingana sana na ile ya Umoja wa Afrika: AU ina wanachama 55, CAF ina 54, na tofauti ya mmoja ni Sahara Magharibi, ambayo AU inaitambua na CAF haina chama chake. Hata hivyo vyombo hivi viwili havina uhusiano wa baba na mwana. Moroko ilijitoa katika umoja wa nchi za Afrika mwaka 1984 na kurudi 2017, na miaka yote hiyo ilibaki CAF, ikicheza na hata kuandaa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1988.

Nne za mwanzo

CAF ilizaliwa Khartoum Februari 1957, ikiwa na waanzilishi wanne: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Maandalizi yalianza mwaka mmoja kabla, Lisbon, pembeni ya Mkutano Mkuu wa FIFA. Rais wa kwanza alikuwa Mmisri, Abdelaziz Abdallah Salem. Baadaye makao makuu yalihamia Misri, yaliko mpaka leo, na ndiyo maana barua nyingi za kufungia viwanja vyetu hutoka Cairo.

AFCON ya kwanza ilichezwa hapohapo Khartoum mwezi huohuo, na ilikuwa na timu tatu tu. Afrika Kusini ilikuwa imepangwa na Ethiopia, lakini serikali ya makaburu haikukubali timu ya weupe na weusi pamoja. Ilitaka kuleta ama weupe watupu au weusi watupu. Wenzake wakakataa. Ethiopia ikapita bila kucheza, ikaenda kufungwa 4-0 na Misri kwenye fainali, mabao yote manne ya Ad-Diba. Afrika Kusini ikabaki nje ya soka la Afrika mpaka 1992, na miaka minne baadaye ikachukua kombe nyumbani kwake.

Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kitu cha msingi: tangu siku ya kwanza, nguvu kubwa ya CAF haikuwa fedha wala viwanja. Ilikuwa uwezo wa kusema nani yumo na nani hayumo.

Zanzibar: miezi minne ya uanachama

Sasa turudi visiwani. Zanzibar ina chama chake cha soka, ligi yake, timu yake ya taifa inayoitwa Zanzibar Heroes, na klabu zake hucheza mashindano ya CAF. JKU, KMKM na Mlandege zote zimewahi kuingia Ligi ya Mabingwa au Kombe la Shirikisho. Kwa miaka mingi imekuwa mwanachama mshiriki wa CAF, yaani anakaribishwa mezani lakini hapigi kura, na timu yake ya taifa haiingii kwenye droo ya AFCON. Upande wa FIFA haina kitu kabisa. Ombi la miaka ya 2000 lilikataliwa, kwa hoja kwamba Tanzania tayari ina chama kimoja kinachotambulika, nacho ni TFF.

Machi 16, 2017, Mkutano Mkuu wa CAF ulikaa Addis Ababa na kuipa Zanzibar uanachama kamili, wa 55. Visiwani watu walisherehekea, na walikuwa na haki. Maana yake ilikuwa kwamba Zanzibar Heroes wangeweza kuingia kufuzu AFCON kwa jina lao, siku moja wakapangwa hata na Taifa Stars.

Furaha ilidumu miezi minne. Julai mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa dharura ulikaa Rabat na uanachama ukafutwa. Rais mpya, Ahmad Ahmad wa Madagaska, alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokewa tangu mwanzo: katiba ya CAF hairuhusu vyama viwili kutoka nchi moja, na nchi ni ipi ni jambo linaloamuliwa kwa kutazama Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Kwa vyombo hivyo viwili, Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, basi.

Hoja hiyo kisheria ina miguu. Lakini mtu wa Unguja ana haki ya kuuliza: mbona England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina timu nne kutoka dola moja? Mbona Visiwa vya Faroe, ambavyo ni vya Denmark, viko UEFA, shirikisho la Ulaya, na FIFA? Jibu ni kwamba hao waliingia chini ya kanuni za zamani, au kabla ya kanuni kuwepo. Vyama vya Uingereza vina umri mkubwa kuliko FIFA yenyewe. UEFA ilikaza mlango wake baadaye, ikitaka nchi iwe inatambulika na Umoja wa Mataifa, na ilifanya hivyo wakati Gibraltar imeshabisha hodi. Gibraltar ikaenda mahakamani ikidai kwamba ombi lake lilitangulia kanuni mpya, ikashinda, ikaingia mwaka 2013. Kwa hiyo ukiwa nje, siku uliyoomba inaweza kuwa na uzito kuliko sababu ya kuomba. Zanzibar haikuwa na bahati hiyo ya kalenda.

Kuna mwenzake mmoja barani: Réunion, kisiwa cha Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi, nacho ni mwanachama mshiriki. Réunion haina manung'uniko makubwa, maana wachezaji wake wana njia ya kwenda timu ya Ufaransa. Wachezaji wa Zanzibar wana njia ya Taifa Stars, na Feisal Salum ni mfano unaoonekana kila dirisha la mechi za kimataifa. Je, hilo linatosha? Kwa mchezaji mmoja mmoja, pengine ndiyo. Kwa chama, hapana, kwa sababu fedha za FIFA hutolewa kwa chama mwanachama. Katika mpango wa FIFA wa maendeleo wa 2023 hadi 2026, kila chama mwanachama kinaweza kupata hadi dola milioni 8 kwa miaka minne. Dar es Salaam ina haki ya kuomba fungu hilo. Unguja hupata kwa kupitia TFF, kwa makubaliano ya ndani, na makubaliano ya ndani hutegemea mahusiano ya waliopo madarakani.

Na hapo ndipo kanda inapoingia.

Kanda sita, ramani isiyonyooka

Chini ya CAF kuna kanda. CECAFA ni yetu sisi wa Afrika Mashariki na Kati. COSAFA ni ya kusini na ndiyo kubwa kuliko zote, ina vyama 14. UNAF ya kaskazini ina vitano tu, lakini hao watano, Misri, Moroko, Tunisia, Aljeria na Libya, ndio wenye klabu zinazotawala makombe ya Afrika. UNIFFAC ni ya Afrika ya Kati. Afrika Magharibi ina WAFU, iliyogawanywa kuwa A na B, ambazo CAF inazihesabu kama kanda mbili.

Ramani hii ina maajabu yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo mashariki yake inazungumza Kiswahili na imepakana na sisi, ni ya UNIFFAC pamoja na Kameruni na Gabon. Komoro, ndugu zetu wa karibu kabisa kwa lugha na dini, ni ya COSAFA. Sudan, Eritrea na Djibouti ziko CECAFA ingawa huko Kiarabu nacho kinasikika. Ilipangwa hivyo kwa historia na kwa urahisi wa usafiri, na kwa siasa za wakati husika.

CECAFA ina mizizi mirefu kuliko CAF. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni iliyolidhamini; Tanganyika na Zanzibar zikajiunga miaka ya 1940. Hivyo Zanzibar imekuwa ikicheza kama Zanzibar kabla Muungano haujakuwepo na kabla CAF haijazaliwa. CECAFA haikuona sababu ya kuacha. Kwenye Kombe la Chalenji, Zanzibar Heroes huingia kwa jina lao, na bara huingia kwa jina la Kilimanjaro Stars. Heroes walilichukua kombe mwaka 1995. Na Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya Rabat, walifika fainali kule Machakos, wakatoka sare ya 2-2 na Kenya na kushindwa kwa penalti. CECAFA ina wanachama 12 ukihesabu Zanzibar. CAF ikihesabu kanda hiyohiyo, inapata 11.

Kanda si za mashindano pekee. Baadhi ya viti vya Kamati ya Utendaji ya CAF hugawanywa kwa kanda, na uchaguzi wa rais huchezwa kikanda kabla haujafika ukumbini.

Kura moja, nchi kubwa na ndogo

Chombo cha juu kabisa cha CAF ni Mkutano Mkuu. Kila chama kina kura moja. Shelisheli yenye watu wapatao laki moja ina kura sawa na Nigeria yenye watu zaidi ya milioni 200. Misri, iliyochukua AFCON mara saba, haina kura ya ziada kwa ajili ya makombe yake. Ukilielewa hili, mambo mengi yanayoonekana kama maajabu yanakuwa hesabu ya kawaida. Kwa nini AFCON ilipanuliwa hadi timu 24 mwaka 2017? Sababu za kiufundi zilitajwa, sikatai. Lakini nafasi nane zaidi ni vyama vinane zaidi vyenye sababu ya kumshukuru rais.

Issa Hayatou wa Kameruni aliielewa hesabu hiyo kuliko yeyote. Alichaguliwa 1988 na kukaa miaka 29. Mwaka 2012 kanuni zilibadilishwa ili anayegombea urais awe mjumbe wa Kamati ya Utendaji mwenye kura, na Jacques Anouma wa Ivory Coast, aliyekuwa akijiandaa kumkabili, akajikuta hana sifa. Mwaka 2015 ukomo wa umri wa miaka 70 ukaondolewa, kwa bahati njema wakati Hayatou anakaribia umri huo. Yote haya yalipita kwa kura halali za Mkutano Mkuu. Mimi simwiti dikteta, kama wengi walivyoandika. Ni mtu aliyejua kwamba hahitaji kupendwa na mashabiki wa bara zima, anahitaji marais wa vyama 28.

Alianguka kwa njia ileile. Mwaka 2017 COSAFA ilitangaza kumuunga mkono Ahmad Ahmad. Kura 14 kutoka kanda moja si mchezo. Ni zaidi ya robo ya ukumbi. Pale Addis Ababa Ahmad alipata 34, Hayatou 20. Naam, ni mkutano uleule ulioipokea Zanzibar.

Ahmad naye hakudumu. Novemba 2020 kamati ya maadili ya FIFA ilimfungia miaka mitano, mahakama ya michezo ikapunguza hadi miwili, lakini nafasi ya kugombea ilishamponyoka. Walibaki wagombea wanne, na hapo tukaona namna nyingine ya kupata rais: makubaliano. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2021 kule Rabat, Anouma, Augustin Senghor wa Senegal na Ahmed Yahya wa Mauritania walijiondoa, wakamwachia Patrice Motsepe, tajiri wa madini wa Afrika Kusini aliyekuwa anaimiliki Mamelodi Sundowns. Senghor na Yahya wakawa makamu wa rais. FIFA haikuficha kwamba ilikuwa na mkono katika mapatano hayo. Machi 2025, Cairo, Motsepe akarudi tena bila mpinzani.

Rais wa CAF huwa pia makamu wa rais wa FIFA. Baraza la FIFA lina watu 37, na saba kati yao wanatoka Afrika.

Nani ana mamlaka ya kuamua nini

Kati ya Mkutano Mkuu na Mkutano Mkuu mwingine, kazi hufanywa na Kamati ya Utendaji. Hiyo ndiyo inayotoa uenyeji wa AFCON, kama ilivyowapa Kenya, Uganda na Tanzania fainali za 2027 katika kikao cha Septemba 2023. Chini yake kuna sekretarieti ya Cairo, inayoongozwa na katibu mkuu, ambayo huendesha mambo ya kila siku: leseni, droo, waamuzi, ukaguzi wa viwanja. Pembeni, vikiwa vimetenganishwa kwa makusudi, viko vyombo vya haki: kamati ya nidhamu na kamati ya rufaa. Ukishindwa huko, unakwenda Lausanne, Uswisi, kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS.

Kwenye karatasi inapendeza. Mei 31, 2019, tuliona kinachotokea mipaka hiyo ikivukwa. Ilikuwa marudiano ya fainali ya Ligi ya Mabingwa, Espérance ya Tunis na Wydad ya Casablanca, uwanja wa Radès nje kidogo ya Tunis. Mechi ya kwanza Rabat ilikuwa 1-1. Espérance wakatangulia. Kipindi cha pili Wydad wakasawazisha kwa kichwa, mwamuzi akalikataa bao kwa kuotea. Wachezaji wakamwendea: katazame VAR, marudio ya video. Hapo ndipo ikajulikana kwamba VAR haifanyi kazi, na Wydad wakasema hawakujua. Wakagoma kuendelea. Mazungumzo yakachukua zaidi ya saa nzima, viongozi wa CAF wakiwa wameshuka hadi pembeni ya uwanja, na mwishowe mwamuzi Bakary Gassama akapuliza filimbi ya kumaliza. Espérance wakapewa kombe usiku uleule.

Siku chache baadaye Kamati ya Utendaji ikakutana Paris na kuamuru mechi irudiwe kwenye uwanja wa nchi nyingine. Uamuzi huo uliwafurahisha wengi, nami nikiwemo. Tatizo ni kwamba kamati haikuwa na mamlaka ya kuutoa. CAS iliufuta mwezi Julai kwa sababu hiyohiyo, bila hata kusema nani alistahili kombe: suala la mechi kuvunjika ni la vyombo vya nidhamu, basi lirudi huko. Likarudi. Kamati ya nidhamu ikasema Wydad waligoma, kombe ni la Espérance. Mashabiki wa Casablanca hawajasahau, lakini mpangilio wa madaraka ulisimama.

Waziri akiingia ofisini

Masharti ya uanachama ni mengi, lakini moja linauma kuliko mengine: chama kiendeshe mambo yake chenyewe, bila serikali kuingilia. Novemba 2021, waziri wa michezo wa Kenya, Amina Mohamed, alivunja uongozi wa FKF, chama cha soka cha Kenya, kwa tuhuma za matumizi mabaya ya fedha na kuweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, siku moja na Zimbabwe.

Droo ya kufuzu AFCON ilipopangwa, CAF iliziweka nchi hizo mbili kwa masharti, ikitumaini kifungo kitaondolewa mapema. Hakikuondolewa. Zikatolewa, na kundi la Kenya likabaki na Kameruni, Namibia na Burundi, timu tatu, Harambee Stars wakitazama kwenye televisheni. Kifungo cha Kenya kiliondolewa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kuurudisha uongozi uliovunjwa.

Wakenya wengi waliuliza swali la haki: kama fedha zimeliwa, serikali iangalie tu? Kanuni haimkingi mtu na polisi. Kiongozi wa chama anaweza kushtakiwa kama raia yeyote. Kinachokatazwa ni serikali kukiondoa chombo na kuweka chake. Kwa maoni yangu kanuni ni nzuri na utekelezaji wake ni mkali mno kwa wasiohusika: mchezaji wa miaka 30 aliyekosa mashindano yake ya mwisho hakuvunja katiba ya mtu yeyote. Lakini bila kanuni hiyo, kila waziri mpya angekuja na rais wake wa soka, na ukumbi wa CAF ungejaa wateule wa mawaziri.

Ikumbukwe pia kwamba FIFA yenyewe iliwahi kuingia nyumbani kwa CAF. Kuanzia Agosti 2019 kwa miezi sita, katibu mkuu wa FIFA, Fatma Samoura, alikaa Cairo kama mjumbe maalumu wa kusafisha utawala. Hakuna aliyefungiwa kwa kuingilia.

Klabu, zenye kila kitu isipokuwa kura

Nafasi za klabu hazipigiwi kura. Zinahesabiwa. CAF hutazama matokeo ya misimu mitano. Pointi za msimu wa karibuni huzidishwa kwa tano, za uliotangulia kwa nne, hadi wa zamani zaidi kwa moja. Nchi 12 za juu hupeleka timu nne, mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Wengine wote hupeleka moja na moja. Tanzania imepanda kwa miguu ya Simba na Yanga. Yanga walifika fainali ya Shirikisho 2023, Simba 2025, na matunda yakawafikia Azam na Singida, waliopata nafasi kwa jasho ambalo kwa sehemu kubwa si lao. Shabiki wa Yanga anayeombea Simba itolewe makundi anaikata nchi yake pointi, ingawa sijamwona bado anayeacha kuombea.

Lakini klabu hizo, zinazolipa mishahara na kujaza viwanja, haziingii Mkutano Mkuu wa CAF. Zinawakilishwa na chama cha nchi, ambacho mara nyingine ndicho zinachogombana nacho. Mwishoni mwa 2023 klabu za Afrika ziliunda umoja wao na kumchagua rais wa Yanga, Hersi Said, kuwa mwenyekiti. Umoja huo unaweza kuzungumza na CAF kuhusu kalenda, zawadi na fidia ya wachezaji wanaoitwa timu za taifa. Kura bado ni 54, na zote ni za vyama.